Ndiyo ya Adabu

Nilichomoa waya wa projekta ukutani na ukumbi wote ukaingia giza, maana mapazia yalikuwa yamefungwa ili picha zionekane vizuri. Msimamizi wetu, Bwana Sebastian, akadhani umeme umekatika. Akawaomba radhi wageni, akasema Dodoma ni makao makuu ila umeme bado haujaambiwa. Watu wakacheka. Nikamwambia umeme upo, waya ninao mimi mkononi, na siurudishi.

Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala. Hakuamka, na nilishukuru.

Kilichokuwa ukutani ni mwanamke aliyesimama juu ya mizani akiwa na shimizi tu, mikono inaning'inia, mabega yamechongoka. Machoni walikuwa wamempitishia mstari mweusi. Siku anapigwa picha hiyo nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemsomea maneno ya ridhaa: kwamba picha ni ya wataalamu peke yao, na hakuna atakayemtambua. Sasa semina ile haikuwa ya wataalamu. Ilikuwa ya viongozi wa vijiji na kata, walioitwa wapewe mrejesho na posho, na mstari wa mbele walikaa mabwana wawili wanaotoka kwenye soko lake. Mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Huyu si yule mama anayepika pale kwenye mizani ya magunia?"

"Ndiye. Kumbe ndiyo maana anakwisha vile."

"Na mimi juzi tu nimekula kwake," akasema yule wa kwanza, akaiweka chini soda aliyokuwa ameshika.

Hapo ndipo nilipoinuka.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mliomaliza kidato cha nne, mnaokuja kunigongea hapa Nzuguni kuuliza kama kazi ya udadisi inafaa na inaombwaje. Mnaniita mstaafu, mnacheka. Chekeni. Sijafika thelathini na mwanangu hajaanza chekechea, lakini kazi hiyo nimeistaafu kweli, na sitairudia hata gari la mradi lije kupiga honi mlangoni. Siwaambii msiende. Mtakwenda tu. Mashirika yanapunguza watu, viwanda vinauzwa, na miradi ndiyo peke yake inayomtafuta msichana mwenye mwandiko unaosomeka. Basi nendeni mkijua mnachokwenda kukifanya.

Udadisi ni kazi ya kubisha hodi. Unapewa mkoba, madodoso, kalamu, na Landrova inayowashusha barabarani asubuhi. Mimi nilipojifungua nilikwenda na mtoto mgongoni kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia, na mwanzoni ofisi ilinuna. Baadaye wakagundua kwamba mlango unaofungwa kwa mdadisi mwingine kwangu unafunguka. Mama akimwona mtoto anasogeza kigoda. Mtoto wangu ndiye aliyekuwa anapimwa kwanza, ananing'inizwa kwenye ile suruali ya mizani ya watoto, anacheka, na wenzake wanapanga foleni. Bwana Sebastian akawa ananipangia nyumba ngumu makusudi. Nilijiona hodari. Leo najua kwamba walimtumia mwanangu kama ufunguo.

Miaka ya mwanzo tuliuliza habari za vyoo. Kisha chanjo. Kisha uzazi wa mpango, na huko Mpwapwa mzee mmoja alinijibu kwamba mpango anao tangu zamani, ila mkewe hajaupitisha. Halafu ukaja huu wa ulaji na maumbo ya mwili. Unakula nini, unakula na nani, nani anapakuliwa kwanza, na huo mwili wako unauonaje. Sisemi ulikuwa utafiti wa kijinga. Wanawake wa huku wanakula mwisho, wanakula kidogo, na hakuna aliyewahi kuja kuwauliza. Nilipousoma mara ya kwanza nilifurahi, kwa kuwa na mimi nimekua nikimwona mama yangu akila amesimama.

Tulipewa kadi yenye wanawake waliochorwa kwa safu, kuanzia mwembamba kabisa hadi mnene wa kujaza mlango. Unauliza: wewe ni yupi? Ungependa kuwa yupi? Mumeo angependa uwe yupi? Aliyewachora hakuwahi kufika kwetu. Hawana kanga, hawana kilemba, nywele zimewamwagikia mabegani. Bibi mmoja aliniuliza wameibiwa wapi nguo, na kama polisi nimeshapita. Mwingine alimgusa mnene kuliko wote akasema huyo ndiye yeye mwaka wa mavuno mazuri, na kama namtaka yeye wa sasa hivi nirudi na kadi nyingine.

Mzaha ule ulikuwa wa nyumba zenye chakula. Kwingine kadi ile ilikuwa sumu, nami nilimwambia Bwana Sebastian wiki ya kwanza. Walioitunga walidhani kila mwanamke duniani anatamani kupungua. Kwetu, miaka hii, mtu akipungua anatazamwa mara mbili, na mara ya pili wanamtazama huku wamerudi nyuma hatua. Kila mtaa umeshazika. Ugonjwa wenyewe watu wanauita wa kukonda. Sasa wewe unamwambia mama, mbele ya jirani na mtendaji aliyekuleta, aguse kwa kidole mwili unaofanana na wake. Mwembamba akigusa pale, amejitangaza. Bwana Sebastian alinisikiliza vizuri, akasema hoja yangu ni nzuri, lakini kadi imethibitishwa. Hakusema imethibitishwa na nani, wala wapi.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Dada Rehema, mama wa Kondoa aliyeanza udadisi kabla mimi sijavunja ungo. Dodoso linasema uulize, "Jana ulikula nini?" Dada Rehema alisema ukiuliza hivyo utaletewa wali na nyama hata kwenye nyumba ambayo jiko lina siku halijawashwa, kwa sababu nani atajivua nguo mbele ya mgeni? Wewe ulizia chungu. Kilipikwa nini? Nani alipakuliwa kwanza? Halafu nani? Unakifuata chungu kutoka kwa baba hadi kwa wageni, hadi kwa watoto, na ukifika kwa mama kimebaki mlenda wa kulambia mwiko, na yeye mwenyewe amelisema bila kuaibishwa. Pimia kwa bakuli lake, usitoe la kwako. Na miezi ile ya njaa kabla ya mavuno, tazama majivu kabla hujafungua mdomo. Yakiwa ya baridi, zungumza habari za mvua, aga, nenda.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kukataa. Dada Rehema alinifundisha kwamba watu wa huku hawamwambii mgeni hapana. Ni utovu wa adabu. Umetoka mbali, umeletwa na mwenyekiti, umesema shikamoo kwa wakubwa, atakutazama usoni akuambie sitaki? Atasema mume wangu hayupo. Atasema njoo kesho. Atasema ngoja nishushe sufuria. Ukirudi atakuwa shamba, na mtoto ataambiwa aseme mama amekwenda kisimani. Hiyo ndiyo hapana yao, na kila mtu kijijini anaisikia isipokuwa mdadisi. Na ukimbana sana atakupa ndiyo, ili uondoke kwa amani. Dada Rehema akaniambia, "Hiyo 'ndiyo' ya kwanza ni ya adabu tu, mdogo wangu. Ukishaisoma ridhaa, nyamaza. Cheza na mtoto. Subiri mpaka akuulize swali lake mwenyewe. Asipouliza kitu, hajakubali."

Ofisini mambo yalikuwa mengine. Kwenye dodoso kulikuwa na sehemu ya "amekataa" na sehemu ya "tembelea tena". Aliyesema njoo kesho anaandikwa tembelea tena. Ukirudi akasema njoo kesho, tembelea tena. Unarudi mpaka anachoka. Kisha unafungua wino, anaweka dole gumba, na wengine walikuwa wanachukua dole kwanza na kusoma maelezo baadaye, gari likiwa linapiga honi. Mwisho wa mradi Bwana Sebastian alisimama kwa fahari akasema mkoa mzima hakuna mtu aliyekataa. Dada Rehema alikuwa ameshaondoka. Alihoji mambo hayo hayo kwenye kikao, na mradi uliofuata hakuitwa.

Sasa nirudi kwa yule mama. Jina lake silitaji, wala soko lake. Semeni ni soko mojawapo la mahindi kwenye barabara ya Dar es Salaam. Nimwite Mama Mpishi. Tangu biashara ya nafaka iachiwe watu binafsi pale pamejaa malori, madalali na makuli wa kupakia magunia, na wote wanataka ugali mchana. Yeye anapika karibu na mizani ya magunia. Ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi, na hali mpaka wateja wote waishe, tena anakwangua ukoko. Anawalisha watu kwa sufuria kubwa huku yeye mwenyewe akipungua kila msimu.

Nilipofika mara ya kwanza aliniambia ningoje ashushe sufuria. Sufuria ikashuka, akasema arudishe vyombo vya watu. Siku ya pili akasema mume wake hayupo, na hana mume. Nilielewa. Nikamwandika "amekataa". Bwana Sebastian akalifuta akaandika tembelea tena, kwa kuwa wapishi wa sokoni walikuwa wachache na huyu alikuwa "mfano mzuri sana". Akaja naye mwenyewe, pamoja na mwenyekiti wa soko. Mwenyekiti, aliyekuwa anakula pale kila siku, akasema mbele ya watu, "Mama, wasaidie hawa vijana, mimi nimeshawakubalia."

Amekubali yeye! Mwili wa nani?

Mama Mpishi akanitazama mimi, akamtazama mtoto wangu, akasema basi twende ndani. Ndani nilimsomea ridhaa polepole, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Akauliza swali. Aliuliza moja tu.

"Hiyo picha itarudi hapa?"

Nikamwambia hapana, inakwenda kwa wataalamu, na uso hautaonekana. Ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo nilivyoamini.

"Basi piga. Ila isirudi hapa, mama. Mimi nalisha watu."

Akaweka dole. Kwenye kadi aligusa wa kwanza kabisa, mwembamba, akacheka kidogo, akasema huyo amemshinda kwa nywele tu.

Turudi ukumbini. Baada ya taa kuwashwa walinitoa nje kwa upole, wakanipa kiti na maji. Wakati wa chakula Bwana Sebastian akanifuata. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa zaidi. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia. Alisema nimemwaibisha mbele ya wafadhili. Alisema macho yamefunikwa kama walivyoahidi. Nikamwuliza kama yeye akimwona mama yake mzazi amefunikwa macho, kwenye kanga yake, jikoni kwake, atauliza huyu ni nani. Akasema, "Lakini alisaini."

Kesho yake nilipanda basi kwenda kwa Mama Mpishi ili asikie kwangu kabla hajasikia kwa wengine. Nilichelewa. Habari zilikuwa zimetangulia na malori usiku ule ule. Mchana wa saa saba, saa ambayo kwa kawaida pale hupati pa kuweka sahani, mabenchi yalikuwa matupu. Sufuria ya ugali imejaa mpaka juu, imeanza kukauka ganda. Upande wa pili wa mizani, kwa mpishi mwingine, makuli walikuwa wamesimama kwenye foleni na sahani mkononi. Hakuna aliyemtukana. Waliokuwa wanampita walimsalimia vizuri kabisa, habari za mchana mama, wakaenda kula kule.

Nikakaa kwenye benchi nikaomba chakula. Akanipakulia. Nilikula, nikamlisha na mwanangu, na watu wakatuangalia. Sikufanya ushujaa wowote. Nilikuwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Nikamwambia nitazungumza na mwenyekiti. Akasema mwenyekiti ndiye wa kwanza kuhama. Nikamwambia, nikiona ni ushauri mzuri, kwamba aende hospitali apime damu, cheti kikionyesha ni mzima watu watarudi. Ndipo aliponijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nikipima, nikavaa cheti shingoni, watakula ugali au watakula cheti? Na nikikutwa na huo ugonjwa je? Utanipikia wewe? Mimi ninaumwa tumbo. Nilikuwa ninaumwa tumbo langu mwenyewe, halikuwa la mtu."



Akasema anachotaka ni kitu kimoja. Picha ichanwe, na lile dole alilotia lifutwe, maana alilitia kwa maneno na maneno yamevunjwa. Nikamwahidi kuuliza. Nilikwenda ofisini kwetu. Binti wa kompyuta, mstaarabu, akaniambia picha imeshatumwa nje pamoja na ripoti, na majibu yake yamechanganywa na ya wengine, hayatoki tena. Nikamwuliza ni wapi mtu anakokwenda akibadili mawazo. Akafikiri, akasema hajawahi kuulizwa.

Wadogo zangu, sikuwaandikia niwafundishe namna ya kushinda. Sikushinda. Wiki chache baadaye Mama Mpishi alikuwa ameuza mabenchi na ameanza kupepeta mahindi yaliyomwagika chini ya malori, kazi ya wanawake wasio na mtaji. Makuli wale wale wanamwachia kidogo kwenye pembe ya gunia. Wanamhurumia. Huruma wanayo, njaa ndiyo wanaikidhi kwingine.

Nikaamua kulalamika rasmi. Nilikwenda kwenye ofisi inayotoa vibali vya utafiti. Karani wa pale, mzee wa heshima, alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Akasema lalamiko lipo, tena zito, ila lazima liwe na mlalamikaji: jina kamili, mahali anapoishi, sahihi au dole. Bila hivyo faili halifunguki. Akaongeza kwamba huenda akaitwa mbele ya kamati aeleze, na ile picha ingeletwa iwe ushahidi.

Nikapanda basi tena. Nilimkuta amechutama na ungo, vumbi la mahindi limemjaa kope. Safari hii nilifanya kama Dada Rehema alivyonifundisha, na bila gari kupiga honi. Nilimweleza yote: jina lake litaandikwa, wataliona akina nani, picha itatolewa tena mbele ya watu, huenda ikasaidia na huenda isisaidie. Nikamwambia pia nataka kuwasimulia wasichana wanaoanza kazi hii. Nikanyamaza. Nilimshusha mtoto, akaanza kuokota punje.

Aliuliza maswali mengi. Kamati ina wanaume wangapi? Watakaa karibu au mbali? Anaweza kwenda amejifunika? Mwenyekiti wa soko ataitwa? Nilimjibu nilichojua, na nisichojua nikasema sijui. Akapepeta ungo mzima. Wasichana, alisema, niwasimulie, ila yeye nisimtaje. Nikamwuliza na lalamiko je. Hakusema njoo kesho. Hakusema ngoja.

"Sitaki," akasema.

Nikambeba mwanangu nikaondoka. Usiku niliandika lalamiko kwa jina langu mwenyewe, kwa mkono, na asubuhi nikalipeleka. Karani alilisoma, akavua miwani, akaniambia hivi lilivyo huenda lisifike mbali. Nikamwambia najua. Akaligonga muhuri wa kupokelewa, akanipa nakala yangu. Hii hapa.

YAH: LALAMIKO DHIDI YA MRADI WA UTAFITI WA ULAJI NA MAUMBO YA MWILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi niliyeweka sahihi hapa chini nilikuwa mdadisi wa mradi huo. Nalalamika kwamba nilipewa maneno ya kuwaahidi watu, nikayasema kwa kinywa changu, na mradi ukayavunja. Mama mmoja alipigwa picha kwa sharti kwamba isirudi anakoishi. Ilionyeshwa hadharani kwa watu wa anakoishi. Amepoteza kazi yake.

Nalalamika pia kwamba mama huyo alikuwa amekataa mara mbili kabla ya hapo, nami niliandika kwamba amekataa, na maandishi yangu yakafutwa.

Naomba picha hiyo iondolewe popote ilipo. Naomba kila mradi utakaopewa kibali katika mkoa huu ueleze wazi mtu anakwenda wapi akitaka kujitoa.

Nimeelezwa kwamba lalamiko hili halina nguvu bila jina na dole la mhusika. Jina lake ninalifahamu. Nilikwenda kumwomba ruhusa ya kuliandika, nikamweleza yote, akasema hataki.

Kwa hiyo sikuliandika.